Usonji Si Ushonaji

Nangila aliingia kwenye sayansi kwa kosa la kusahau miwani.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwaka 2014, baada ya ibada ya Kiswahili katika kanisa dogo la Nateete, Kampala, ambako Wakenya wa upande ule hukutana kusali na kusengenyana. Mlangoni palikuwa na tangazo: mradi wa usonji kwa watoto wadogo unatafuta mwanamke anayezungumza Kiswahili cha Kampala, anayejua kusoma na kuandika, tena mwenye subira. Nangila alikodoa macho, akasoma "ushonaji". Moyo ukamruka. Yeye alikuwa ameuza mitumba ya watoto katika soko la Nateete kwa miaka ishirini na miwili, tangu mumewe, dereva wa lori, alipogundua njia ya Tororo ambayo haina kurudi. Nguo za watoto alizijua kuliko alivyoijua Biblia. Sifa mbili za kwanza alikuwa nazo. Hiyo ya tatu, alijiambia, ataipata hukohuko kazini.

Siku ya usaili alipanda ngazi za jengo moja la Ntinda, juu ya duka kubwa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni na suruali tatu za watoto kwenye mfuko, ushahidi wa ujuzi wake.

Mezani walikaa watu wawili. Daktari Moreen Okinyi, mkuu wa mradi, alikuwa Mkenya kama yeye, mtu wa Kisumu, mwembamba, mwenye kalamu nne mfukoni na tabasamu la kupimwa. Pembeni yake alikuwa Ambroise, mwanasaikolojia kutoka Bukavu, Kongo, mnene, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likawa na makali.

"Una uzoefu gani?" aliuliza Moreen.

"Miaka ishirini na miwili, Daktari. Kuanzia siku ya kuzaliwa hadi miaka mitano."

"Na usonji unaujua?"

"Daktari, mimi nikimtupia mtoto jicho moja tu, saizi yake naijua. Sihitaji hata kumvua."

Ambroise alicheka mpaka akavua miwani na kujifuta macho. Ilipobainika nani amesoma nini, Nangila naye akacheka, kwa sauti iliyowafanya watu wa ofisi ya jirani wachungulie. Lakini hakuondoka. Alikunja futi yake, akauliza, "Sasa huo usonji ni ugonjwa gani?"

"Si ugonjwa, mama," alisema Ambroise. "Wala si laana. Ni ubongo wa mtoto kukua kwa njia yake. Anaweza kuchelewa kuongea. Unamwita jina, haitiki. Hatafuti macho ya watu. Anarudia jambo moja tu, lilelile, lilelile. Tukimjua mapema, akiwa na miaka miwili hivi, tunaanza kumsaidia mapema."

Nangila alikuwa amemkumbuka Simiyu, kitinda mimba wa kwao kule Chwele. Simiyu aliweza kutamka matangazo ya vifo ya redioni neno kwa neno, na sauti ya mtangazaji juu yake, lakini hakuwahi hata siku moja kumwambia mama yake kwamba ana njaa. Familia ikienda shambani alifungwa kamba ya kiuno kwenye nguzo ya ghala. Nangila, msichana wa miaka tisa wakati huo, aliwatoza wenzake ndizi ili waje wamsikie akitangaza. Simiyu alikufa maji akiwa na miaka kumi na mmoja, na majirani walisema, mbele ya mama yake, kwamba ni afadhali.

"Hii kazi naitaka," alisema.

Walimpa. Baadaye Ambroise alimweleza sababu: waombaji wengine wote walisema usonji wanaujua vizuri sana. Mmoja alisema aliwahi kuugua, akapona.

Fomu yenyewe ilikuwa na maswali ishirini, yaliyoandikwa ng'ambo na kutafsiriwa na bwana mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama suruali ya bwana harusi. Nangila alikibeba hadi Luzira, kwenye makazi ya askari magereza, ambako familia nyingi ni za watu wa kaskazini na Kiswahili ni lugha ya kazini, ya paredi na ya kugombana. Wengi waliishi katika vile vibanda vya bati vya mviringo vinavyoitwa mama ingia pole, kwa kuwa mlango ni mfupi na asiyeinama huingia na nundu.

Kanuni ya ofisi ilikuwa moja: soma swali kama lilivyo, andika jibu, usiongeze neno.

"Je, mtoto wako hupenda kupanda vitu, kama vile samani?" alisoma.

"Apande samaki?" aliuliza mama wa kwanza. "Yuko na miaka mbili. Hata mahindi hajui kupanda."

Nangila akaandika: hapana.

"Je, mtoto wako huigiza kunywa kutoka katika kikombe kitupu?"

Mama wa pili aliweka mikono kiunoni. "Kikombe tupu kwa nini? Nani amekuambia kwangu hakuna chai?"

Hapana.

"Je, mtoto wako hukuletea kitu ili kukuonyesha?"

"Anionyeshe mimi? Ajaribu! Mimi ndiyo nitamuonyesha!"

Hapana. Ukienda kwenye swali la kuangaliana machoni, wazazi walisema watoto wao wana adabu, hawamkazii mtu mzima macho. Ukiuliza kama mtoto huonyesha vitu kwa kidole, mwanamke mmoja mrefu, mpole, aitwaye Adyero, alisema kuonyesha kidole ni tusi. "Sisi tunaonyesha hivi," akabinua midomo kuelekea jiko la mkaa. Na swali lililotaka mtoto atazame kitu "upande wa pili wa chumba" liliwashinda wote, maana mama ingia pole haina upande wa pili. Ukipiga chafya upande huu, wa kule anajifuta.

Mwisho wa wiki Moreen alijumlisha fomu arobaini, akaweka kikombe chake cha kahawa chini taratibu.

"Kwa hizi 'hapana' zote, watoto ishirini na tisa kati ya arobaini wana dalili za usonji," alisema. "Ama maji ya Luzira yana jambo, ama fomu yetu ina jambo."

"Ni fomu," alisema Nangila. "Hicho Kiswahili, Daktari, hata mimi nikikisoma natamani kusimama wima."

Basi wakakaa watatu kukifua upya, na hapo ndipo vita vilipoanza. Moreen alikuwa na Kiswahili cha shule, cha kufaulu mtihani. Ambroise alikuwa na cha Bukavu. Nangila alikuwa na cha sokoni, kilichookota Kiganda njiani. Asubuhi nzima iliishia kwenye swali moja.

"Tunasemaka 'anaitikaka jina yake'," alisisitiza Ambroise.

"Ukisema hivyo Luzira watadhani umeshikwa na kwikwi," alisema Nangila.

"'Huitika anapoitwa'," alisema Moreen.

"Na ukisema hivyo watadhani umekuja kuhubiri. Andika: ukimwita, anageuka? Basi. Ng'ombe mwenyewe angeelewa."

Moreen alikunja uso, akaandika. Siku tatu baadaye maswali ishirini yalikuwa mafupi, mepesi, na hayana samani ndani yake. Nangila akarudi Luzira amechangamka. Wiki hiyo kazi ilikwenda mbio kama gari la maiti lisilo na foleni. Akaleta fomu arobaini, Moreen akajumlisha, kikombe kikawekwa chini tena.

"Sasa hakuna hata mmoja," alisema. "Watoto wote arobaini wako sawa. Kila swali, ndiyo. Mama Nangila, ulikuwa unajaza mwenyewe chini ya mti?"

Nangila aliapa kwa mama yake. Lakini jambo moja lilikuwa limemkaa kama mwiba wa samaki kooni. Kati ya zile fomu safi ilikuwemo ya Ocira, mtoto wa Adyero, miaka miwili na miezi minne. Wakati Adyero anajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, Nangila mwenyewe alikuwa amemwita mtoto yule mara nne, kwa sauti yake ile inayosimamisha pikipiki barabarani, na mtoto hakugeuza hata sikio. Alikuwa sakafuni akipanga vizibo vya soda, mstari mmoja ulionyooka, na akimaliza anaubomoa, anaanza tena.

Alikwenda kumuuliza Kaltumi. Kaltumi alikuwa bibi wa Kinubi, mama wa askari mmoja, aliyezaliwa katika kambi, akaolewa kambini, akajua kila kitu kinachopita langoni.

"We mama unashangaa nini?" alisema Kaltumi, akichambua mchele. "Hapa mutu akikuja na karatasi, jibu ni ndiyo. Mwaka jana walikuja watu ya vyandarua. Wakauliza, muko na chandarua? Wajinga wakasema hapana, eti watapewa. Walioandikwa ndiyo wakapewa mbili. Tangu siku hiyo, ndiyo. Hata ukiuliza kama mutoto yangu anajua kuendesha ndege, ndiyo."

Nangila alicheka hadi akakaa chini, kisha hakucheka tena, kwa sababu alielewa kwamba wiki mbili zake zote zilikuwa takataka.

Kesho yake aliiacha fomu ndani ya mkoba. Alibeba kopo la maziwa lenye simu mbovu ya vibonye, kikombe cha plastiki na mwanasesere asiye na mkono mmoja. Hakuuliza swali lolote. Alikaa kwenye mkeka wa Kaltumi, akaiweka simu sikioni, akaanza kumgombeza mtu asiyekuwepo kuhusu bei ya nyanya. Mjukuu wa Kaltumi, mwaka mmoja na nusu, alitazama, akamnyang'anya, akagombeza naye kwa lugha yake. Juu ya paa alitua kaloli, yule ndege mkubwa wa Kampala anayekula jalalani na kusimama kama hakimu mstaafu aliyekosa pensheni. "Tazama!" alisema Nangila, akibinua midomo na kunyoosha kidole, vyote viwili, asije akakosea mila ya mtu. Mtoto akatazama ndege, akamtazama Nangila, akatazama ndege tena, akapiga makofi.

Mambo yalikuwa ndiyo hayo. Yale maswali ishirini yalitaka kuona jambo hili, mtoto kushirikiana na mwenzake kile anachokiona, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia Nangila.

Akaenda kwa Adyero. Safari hii aliyempokea alikuwa mume mwenyewe, Sajini Tarcisio, askari magereza kwa miaka kumi na minane, mwenye mabega ya mlango na masharubu yaliyochongwa. Alimkaribisha vizuri.

"Karibu, mama. Angalia mutoto yangu," alisema, akionyesha vizibo kwa fahari. "Angalia hiyo laini. Wafungwa yangu hawawezi hiyo. Hii iko na nidhamu kwa damu."

Nangila alijaribu simu. Ocira aliichukua, akaigeuza, akabonyeza kibonye kimoja mara thelathini. Alijaribu kikombe. Alijaribu kaloli, na kaloli alikuwa mkubwa siku hiyo, mabawa wazi, mbaya kupita kiasi. Ocira alitazama bangili ya Nangila iliyokuwa ikimetameta juani, akaishika kwa vidole viwili, akaitazama kama mtu anayesoma barua. Hakumtazama mwenye mkono.

Hapa subira ndiyo ilihitajika, na Nangila hakuwa nayo.

"Afande," alisema, "huyu mtoto hana nidhamu. Huyu mtoto hakusikii kama watoto wengine wanavyosikia. Nafikiri ana usonji."

Neno lenyewe Tarcisio hakulijua, lakini alijua kutukanwa. "Wewe," alisema taratibu, na upole huo ulitisha kuliko kelele, "wewe muuza nguo ya watu waliokufa, unakuja kwa nyumba yangu kutukana damu yangu? Inama, toka."

Nangila hakuinama vya kutosha. Alirudi Nateete na nundu.

Asubuhi iliyofuata sajini alipiga simu ofisini. Moreen hakupaza sauti. Alisema tu kwamba fomu haikujazwa, kanuni imevunjwa, na jibu la uchunguzi halitolewi mlangoni na mtu ambaye si daktari. Mama Nangila apumzike kwanza nyumbani. Nangila alitaka kubisha, lakini hilo la mwisho lilikuwa kweli. Alikuwa amemrushia mtu jambo zito kama anavyowarushia wateja soksi.

Akarudi kwenye meza yake ya mitumba, akanuna siku tisa. Aliwakemea wateja. Alimuuzia mama mmoja kofia ya mtoto wa miezi sita kwa kichwa cha mtoto wa miaka mitatu, akasema itanyooka.

Siku ya kumi, mchana, Adyero alitokea kati ya meza za soko, Ocira mgongoni, jasho likimtiririka. Alikuwa ametoka Luzira, kona nyingine kabisa ya jiji, na mtoto anayepiga kelele kila gari linapopiga honi. Hakusalimia hata. Alikaa juu ya gunia la sweta.

"Niulize tena," alisema.

"Nikuulize nini, Mama Ocira?"

"Maswali yako. Ile siku bwana alikuwa kwa mlango. Mimi nasema ndiyo, ndiyo, kwa sababu yeye anasikia. Sasa hayuko. Niulize."

Nangila hakuwa na fomu. Maswali aliyajua kwa moyo, lakini hakuuliza hata moja kama lilivyo. Alimfunulia Ocira sanduku la vifungo vya nguo, mtoto akazama humo, kisha akasema, "Niambie jana. Ameamka. Halafu?"

Adyero akasimulia. Ameamka, hakuniita. Haniiti kamwe. Akitaka maji anachukua mkono yangu, anauweka kwa jagi, kama mkono yangu ni kijiko. Anaona mbwa, haniambii. Anaanguka, analia, haji kwangu. Alikuwa na maneno matatu, mwaka jana, yamekwenda. Nikiimba, hapo anatulia. Mama mkwe anasema nilikula yai wakati wa mimba. Jirani anasema twende kwa mganga wa Bweyogerere. Aliongea hivyo kwa muda mrefu, akichanganya Kiacholi na Kiswahili, na Nangila aliyaandika yote nyuma ya karatasi ya kufungia viatu. Mteja akija, alimfukuza kwa mkono.

"Yai halina kesi," alisema mwishoni. "Na mimi nilikosa, dada yangu. Niliongea vibaya kwako na kwa bwana."

"Uliongea vibaya," alikubali Adyero. "Lakini wewe peke yako ulimwita jina."

Hapo Nangila aliinamia sweta, akazikunja moja moja, ingawa zilikuwa zimekunjwa.

Walifunga meza, wakaenda Ntinda pamoja. Nangila aliiweka ile karatasi ya viatu juu ya meza ya Moreen bila salamu. Moreen aliisoma mara mbili. Ambroise akakaa sakafuni na shati lake la pasi, vifungo vya nguo kati yake na Ocira, saa moja na nusu, bila kusema neno la lugha yoyote. Alipoinuka alimwambia Adyero polepole, kwa Kiswahili ambacho kwa mara ya kwanza hakikuwa cha Bukavu wala cha mahali popote, kwamba ndiyo, ni usonji, na kwamba hakufanya kosa lolote.

Kisha Moreen akasema jambo ambalo Nangila hakulitarajia. "Swali la 'niambie jana' linaingia kwenye fomu. Na simu mbovu. Na yule ndege." Alifikiri kidogo. "Na hakuna swali linaloulizwa mume akiwa mlangoni. Lakini majibu, Mama Nangila, anatoa Ambroise. Wewe, mdomo wako, hapana."

"Sawa, Daktari."

Mzunguko wa tatu wa Luzira ulichukua wiki sita badala ya moja. Kati ya watoto arobaini, watano waliitwa kwa uchunguzi. Wawili walikuwa na usonji, Ocira mmojawapo. Wawili walikuwa na masikio yaliyojaa usaha, wakatibiwa, na mmoja wao akageuka kuwa mpiga domo wa kambi nzima. Wa tano hakuwa na tatizo lolote. Alikuwa akiogopa sauti ya Nangila.

Tarcisio hakufika Ntinda kwa miezi minne. Aliacha kula nyumbani, akaanza tena, akaacha kuongea na mkewe, akaanza tena. Siku aliyokuja alivaa sare kamili, kama anayekwenda mahakamani, akakaa mbele ya Ambroise akiwa amekunja mikono. Ambroise hakumhubiria. Alimwambia tu kwamba mtoto huyu anajifunza jambo kwa hatua moja, kisha hatua moja, kila siku saa ileile, na kwamba wanahitaji mtu anayejua kurudia amri bila kuchoka wala kukasirika.

"Bila kukasirika," alirudia Tarcisio, akitazama sakafu. "Hiyo ndiyo sijui."

"Tutakufundisha," alisema Ambroise.

Alijifunza vibaya, kisha vizuri kidogo. Alikaa kwenye mkeka kila alasiri baada ya zamu, buti nje ya mlango, akipitisha kizibo kimoja kwa mwanawe na kungoja arudishiwe. Wenzake walimcheka. Aliwaambia mtu anayetaka kucheka aje acheke mbele yake, na hakuna aliyekuja.

Ocira alipofika miaka minne alipata neno. Halikuwa mama wala baba. Lilikuwa "bado", neno alilolisikia mara mia kwa siku: chai bado, baba bado, tuondoke, bado. Akalishika, akalitumia kwa kila kitu. Ukimpa uji, bado. Ukimwogesha, bado. Kaloli akitua, bado.

Tarcisio alikwenda mwenyewe hadi Nateete kumpa Nangila habari hiyo. Alisimama mbele ya meza ya mitumba, kofia mkononi, na haikujulikana kama analalamika au anajisifu.

"Anaongea," alisema. "Lakini anaongea kama mufungwa. Unamuuliza, utatoka lini? Bado."

"Afande," alisema Nangila, akichagua suruali ya miaka minne kwa jicho tu, "mimi ningekuwa ninakaa kwenye ile nyumba yako ya bati, neno langu la kwanza lingekuwa baya zaidi."

Sajini alimtazama. Masharubu yalitikisika. Akaichukua ile suruali, akaipima kwa kiganja, akasema ni fupi.

Ilikuwa fupi kweli.